Wamelalamikia mavazi yangu, lakini hawasemi nguo ipi

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mhasibu. Jumanne iliyopita ofisa utumishi aliniita, akafunga mlango, akaniambia kuna mwenzangu, jina kapuni, amelalamika kwamba mavazi yangu "hayana staha". Nikauliza nguo ipi, akasema nijitafakari mwenyewe. Kazini navaa sketi zinazopita goti na blauzi za mikono. Tangu siku hiyo kila anayenitazama namshuku yeye, na asubuhi nabadilisha nguo hadi nachelewa. Nimwombe radhi nani, na kwa lipi?*
*Mhasibu*

Marahaba, mwanangu. Usimwombe radhi mtu yeyote, maana mpaka sasa hujaambiwa kosa. Kazi ya utumishi nimeifanya karibu maisha yangu yote ya ajira, na nasema kwa uchungu: ofisa aliyekuambia ujitafakari alikwepa wajibu wake. Kabla hajakuita, alipaswa kumuuliza mlalamikaji ni nguo gani, ilivaliwa lini na inavunja kanuni ipi.

Kumsaka aliyesema, achana nako kabisa. Utaratibu wa jina kapuni upo kwa ajili ya wanyonge, wale ambao wakimtaja bosi anayewashikashika watapoteza kazi. Ukianza kupekua leo, kesho mwenye shida ya kweli atanyamaza. Lakini kuficha jina la mlalamikaji ni jambo moja, kuficha lalamiko lenyewe ni jingine, na hilo la pili halina utetezi.

Kwa hiyo andika barua pepe fupi: "Rejea mazungumzo yetu ya Jumanne kuhusu mavazi yangu. Naomba kufahamishwa kwa maandishi ni vazi gani lililolalamikiwa, lilivaliwa lini, na ni kifungu gani cha kanuni za mavazi kinachohusika, pamoja na nakala ya kanuni hizo. Niko tayari kurekebisha nitakapoonyeshwa kosa." Basi. Usiorodheshe nguo zako, wala usitaje sketi ya fulani iliyo fupi kuliko yako. Na ile sentensi ya mwisho usiifute hata hasira ikikupanda. Ndiyo itakayokutetea siku faili lako litakaposomwa na mtu asiyekujua.

Wakati unasubiri jibu, jikague kwa haki. Simama umelipa dirisha mgongo, mchana jua likiwa kali, mtu unayemwamini akutazame kwa mbele. Kitambaa kilichoonekana kizito asubuhi chumbani kinaweza kuonyesha miguu yote mwanga ukipita nyuma yake, na hapo shimizi tu inamaliza shida. Kisha keti. Sketi inayopita goti ukisimama hupanda ukikaa, hasa ikiwa ya kubana, na mhasibu anashinda amekaa. Ukikuta kasoro, irekebishe. Usipoikuta, endelea kuvaa unavyovaa siku zote. Ukibadili kila kitu ghafla utaonekana umekiri kosa ambalo hata hujatajiwa.

Kuna kitu kimenichoma kwa miaka mingi. Malalamiko mengi ya namna hii niliyoshughulikia, nguo haikuwa na tatizo lolote. Sketi ileile, mshono uleule, mwembamba akiivaa hakuna neno. Akiivaa mwenye nyonga, inakuwa "haina staha". Anayelalamikiwa hapo ni mwili, na hakuna kanuni ya ofisi inayoweza kumwambia mtu apunguze nyonga. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Juni 2021, unahesabu kuwa ni unyanyasaji mwenendo usiokubalika unaomletea mtu madhara, yakiwemo ya kisaikolojia, hata ukitokea mara moja tu. Ulizia kama nchi yako imeuridhia, na kama kanuni za mwajiri wako zina kifungu kama hicho. Ikibainika kwamba lalamiko linahusu umbo lako, hapo mwenye haki ya kulalamika ni wewe.

Wakikuita tena kabla ya kujibu barua, nenda na mwakilishi wa wafanyakazi, andika yanayosemwa palepale, na ukirudi mezani watumie muhtasari siku hiyohiyo. Wakikuonyesha kosa la kweli, rekebisha, kisha omba maandishi kwamba suala limefungwa. Wakikaa kimya wiki mbili, tuma barua ileile tena, nakala kwa mkuu wa ofisa huyo.