Mchungaji asome nini likizoni?
Mchungaji, kwa likizo yako ya wiki 4 vitabu vitatu vinatosha: cha imani, cha elimu na cha burudani. Cha imani, chukua Maungamo ya Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini. Yana sehemu 13. Simulizi ya maisha yake inaishia ya 9, mama yake Monika anapofariki, kisha ya 10 inageukia kumbukumbu na 11 hadi 13 zinafafanua kitabu cha Mwanzo katika Biblia. Wengi hukwama hapo kwa kungoja simulizi iendelee. Soma nusu sehemu kila asubuhi, bila kalamu mkononi: ukianza kupigia mstari maneno ya kuhubiri, umesharudi kazini. Cha elimu kiwe nje ya teolojia kabisa, tuseme historia au tiba. Riwaya ni ya jioni, na ikikuchosha kufikia ukurasa wa 50, iweke chini.