Kabla ya kuilaumu gasketi ya manifoldi: Hilux ya 22R

Injini ya 22R, ile ya petroli ya lita 2.4 ya Hilux za miaka ya 1980, ina manifoldi mbili, yaani mabomba yenye matawi yanayofungwa kwenye hedi (kichwa cha injini): ya hewa, ya alumini, inayobeba kabureta, na ya ekzosi ng'ambo ya pili ya hedi. Gasketi, yaani vizibo bapa vya kwenye maungio, nazo ni mbili, na kila moja hufa kivyake.

Ekzosi ikivuja utasikia tik-tik-tik injini ikiwa ya baridi, kisha mlio unapungua chuma kikipanuka. Tafuta masizi kwenye ukingo wa manifoldi. Kelele ndogo isikudanganye. Moshi unaovuja una kaboni monoksidi, na kebini iko karibu.

Ya hewa ikivuja, sailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda au inayumba na injini inamisi. Pulizia maji kidogo kwenye maungio: mlio ukibadilika, hapo ndipo penye tundu. Wanaopulizia petroli wanatafuta moto. Kumbuka pia kwamba manifoldi hii hupitisha maji ya rejeta. Gasketi ikioza, maji hunyonywa hadi kwenye silinda, moshi unatoka mweupe, na fundi mwenye haraka anadhani ni gasketi ya hedi, anafungua hedi bure.

Nati za ekzosi zimwagie mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa, toa waya hasi wa betri, mwaga maji ya rejeta, ziba hozi ya petroli, na kila hozi ya vakyumu (ya kunyonya hewa) ibandike karatasi yenye namba. Usitegemee kichwa, zote zinafanana. Nati iliyoshika usiilazimishe: ikaze kidogo kwanza, kisha ilegeze, rudia, ikigoma, ipashe moto, lakini mbali na kabureta na petroli. Stadi (bolti isiyo na kichwa inayoshika nati) ikikatikia ndani ya hedi, kuitoa kunaweza kula siku nzima.

Kazi yenyewe hasa ni usafi. Ziba matundu ya hedi kwa vitambaa, kwangua mabaki kwa plastiki ngumu au kipande cha shaba. Jiwe la grainda liache kabisa, kwa sababu linachimba alumini na unga wake unaingia kwenye silinda. Kisha weka rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi. Jani la fila (kipimo chembamba cha nafasi) la 0.2 mm likipita chini yake, peleka ikasawazishwe. Gasketi mpya juu ya uso uliopinda itaungua tena, na hapo ndipo watu husema spea ni feki.

Gasketi ya kujikatia kwenye karatasi ya gasketi haifai upande wa ekzosi. Silikoni nayo usiipake: petroli huilainisha upande wa hewa, na joto la ekzosi huichoma.

Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa mizunguko mitatu, ukitumia spana ya kipimo, inayoonyesha nguvu ya kukaza: ya hewa 19 Nm, ya ekzosi 44 Nm. Jaza maji, washa ukiwa umeacha mfuniko wa rejeta wazi na hita imefunguliwa, uongeze maji hewa inapotoka na thamostati (vali ya maji ya rejeta) inapofunguka. Injini ikishapoa kabisa, rudia kukaza za ekzosi kwa kipimo kilekile.