VO2max: lita kwa dakika au mililita kwa kilo?

Mkuu, umesema vijana wako wawili wamepimwa VO2max, yaani kiasi cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwa dakika: wa kilo 80 kapata lita 4.8 za oksijeni kwa dakika, wa kilo 60 kapata 3.9, lakini huyu mdogo ndiye anayemwacha mwenzake mlimani. Kipimo hakijakosea. Hizo lita ni za mwili mzima, na mwili mkubwa kwa kawaida hutumia oksijeni nyingi. Zidisha lita kwa 1,000 upate mililita, kisha gawanya kwa kilo zake. Wa kwanza: 4,800 ÷ 80 = 60. Wa pili: 3,900 ÷ 60 = 65. Mkimbiaji anaubeba mwili wake kila hatua, kwa hiyo hiyo 65 ndiyo inayosema mlimani. Angekuwa mpiga makasia ningeziangalia zaidi lita, maana uzito wake unabebwa na mtumbwi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Panapoumiza ni kwenye kilo. Nilipokuwa nasaidia maabara ya chuo, alikuja binti mmoja wa mbio ndefu. Tulimvalisha barakoa, akakimbia kwenye mashine mpaka akashika vyuma vya pembeni, akatoka na lita 3.7. Nikachukua uzito ulioandikwa kwenye fomu yake, kilo 62, nikapata 59.7. Kocha wake akanyamaza tu, akiitazama karatasi. Ndipo nikamwomba binti avue viatu apande mizani: kilo 57. Fomu ilikuwa ya msimu uliopita. Jibu sahihi likawa 64.9. Pengo la mililita tano ni kubwa mno kwa mwanariadha, na mimi karibu nimpe kwa uzembe wa kutompima. Tangu siku hiyo mizani huwa mlangoni, kabla ya barakoa.

Tena uwe macho na anayepungua. Mtu wa kilo 80 mwenye lita 3.0 ana 37.5. Akishuka hadi kilo 72, lita zikabaki zilezile, anasoma 41.7. Atapanda ngazi kwa wepesi zaidi, ni kweli, ila moyo na mapafu havijaongeza kitu. Ndiyo maana kwenye ripoti naandika namba zote mbili, na kilo pembeni.

Kurudi kwenye lita ni kuzidisha kwa kilo, kisha kugawanya kwa 1,000. Utaihitaji ukitaka kalori. Chukua mtu wa kilo 70 anayekimbia kwa mililita 35 kwa kilo, yaani MET 10, kwa kuwa MET moja, oksijeni ya mtu aliyetulia, ni 3.5. Hiyo ni lita 2.45 kwa dakika. Kila lita ya oksijeni huchoma takriban kilokalori 5, basi ni kama 12 kwa dakika. Mwenzake wa kilo 55 kwa mwendo huohuo hafiki hata 10, kwa hiyo usiwapangie chakula kimoja.