Unataka kutunga filamu ya utotoni? Anza na bei
Mimi hupiga video za harusi hapa Dar, na vijana wanaokuja kujifunza kamera karibu wote wana muswada kwenye simu. Mara nyingi ni wa mtoto wa uswahilini mwenye ndoto. Ndoto gani? Haieleweki. Huwa nawatuma wakaangalie Kaaka Muttai, filamu ya Kitamil iliyoingia kumbini mwaka 2015, ndipo tuzungumze.

Mwongozaji wake, M. Manikandan, naye alikuwa mpiga picha za harusi. Filamu yake fupi ilimvutia mwongozaji mwenzake Vetrimaaran, ambaye akaungana na mwigizaji Dhanush kugharamia hii. Manikandan akaandika, akaongoza na kamera akaishika mwenyewe.

Ndugu wawili wa mtaa wa mabanda Chennai wanaokota makaa ya mawe relini. Baba yuko jela, mama anahangaikia pesa za wakili. Uwanja wao, wenye mti walikokuwa wakichukua mayai ya kunguru, unajengwa duka la piza. Wanaitaka hiyo piza. Bei yake ni kama rupia 300, na wao kwa siku wanaambulia rupia chache tu.

Hapo ndipo pa kujifunza. Hawa watoto hawahutubii mtu kuhusu umaskini, wanahesabu hela, na wewe unayeangalia unajikuta unahesabu nao. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza andika kitu anachokitaka mhusika wako na bei yake, tena bei ya kweli ya dukani. Jina lake utalipata baadaye.

Tazama onyesho la bibi. Anaikagua picha ya piza kwenye karatasi ya tangazo, anamwaga uji wa dosa, ile chapati nyembamba ya Kihindi, kwenye chuma, anapanga mboga juu. Wajukuu wanaonja na kulalamika: mbona haivutiki nyuzi nyuzi kama ile? Bibi wa watu kajitahidi! Wala hakuna kinanda cha kututoa machozi.

Pesa zinapotimia, mlinzi anawazuia mlangoni kwa sababu ya nguo zao. Wengi wetu tungewaliza pale pale. Manikandan anawatuma wakatafute nguo mpya, yaani bei imepanda.

Filamu ilionyeshwa Toronto mwaka 2014, kisha ikapata Tuzo ya Taifa ya India ya filamu bora ya watoto, na wale wavulana wawili, Ramesh na Vignesh, wakapewa ya mwigizaji bora mtoto. Aishwarya Rajesh, aliyekubali kuwa mama yao akiwa bado binti, alipaa kuanzia hapo.

Baadaye, kwenye filamu yake Kadaisi Vivasayi ya 2022, Manikandan alimpa mkulima halisi, mzee Nallandi, nafasi kuu. Basi ukitafuta mtoto wa kuigiza, waache kwanza wale wa matangazo ya televisheni. Nenda uwanjani saa kumi jioni, mwone anayebishana kuhusu goli, kisha ukamwombe mzazi wake ruhusa kabla hujatoa kamera.