Darubini ya bunduki: mara 24 za nini?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina bunduki ya .30-06 (ndiyo aina ya risasi yake) niliyoachiwa na marehemu baba, yenye vilengeo vya chuma tu. Nina miaka 47 na jioni sioni vizuri kama zamani. Nawinda nguruwe mwitu vichakani, ni nadra kupiga zaidi ya mita 150. Nimeonyeshwa darubini mbili za bei moja. Ya kwanza ni 6-24x50, ina taa nyekundu na kijani ndani, na pete za kuifungia napewa bure. Ya pili ni 3-9x40, haina taa, na pete nijinunulie. Muuzaji ananisukumia ya kwanza. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chukua ya pili.

Hiyo 3-9 maana yake inakuza kuanzia mara 3 hadi mara 9, na 40 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya huo upana kwa ukuzaji, utapata unene wa mwali wa nuru unaolifikia jicho. Ukiiweka 3-9x40 kwenye mara 6, mwali ni karibu milimita 6.7. Ile nyingine ukiiweka kwenye mara 24 unabaki na milimita 2 na ushee, wakati mboni ya mtu wa umri wako gizani inaweza kufunguka milimita 5 hivi au zaidi. Jioni, saa ya nguruwe kutoka, utakuwa unachungulia giza lililokuzwa.

Halafu hiyo ya kwanza haishuki chini ya mara 6. Vichakani hilo ni tatizo kubwa kuliko la nuru. Siku moja nguruwe alinitokea hatua 30, nami nilikuwa nimesahau darubini kwenye mara 12. Niliona manyoya, basi. Ya bega au ya paja, sijui hadi leo, maana nilipomaliza kuizungusha kuishusha, mwenyewe alishaondoka.

Kuhusu bei: fedha ni ileile, ila jiulize imeingia wapi. Kwenye ile ya kwanza imegawanywa kwa taa, vifundo vya pembeni, pete za bure na lenzi za kufikisha mara 24. Kioo chenyewe na springi za ndani zinazoshikilia alama ya msalaba ya kulengea zimeambulia makombo. Na .30-06 inapiga teke. Niliwahi kuwa na moja ya namna hiyo (jina nalihifadhi). Jumamosi inapiga katikati, Jumapili risasi zinakwenda sentimita 15 kushoto. Nilimaliza paketi mbili za risasi nikiulaumu mkono wangu, kumbe.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, patana na muuzaji kwamba utairudisha ikishindwa jaribio hili. Ukiwa uwanja wa shabaha, mita 100, bunduki imelala juu ya mfuko wa mchanga, piga risasi 3. Zungusha vifundo vya kurekebisha shabaha tiki 20 juu (tiki ni hatua moja ya kifundo), kisha 20 kulia, 20 chini, 20 kushoto. Piga 3 nyingine kwa kulenga palepale. Zikiangukia kwa zile za mwanzo, una darubini. Darubini nyingi za aina hii husogeza shabaha kama milimita 7 kwa kila tiki kwa umbali huo, kwa hiyo umeizungusha safari ya kutosha kuiumbua.

Pete usizionee uchungu. Pima kwanza bomba la darubini, kwa kawaida ni milimita 25.4 au 30, na pete ziwe za kipimo hichohicho. Skrubu zikazwe kidogokidogo kwa zamu. Ukikamua upande mmoja unaliminya bomba.

Kabla ya kukaza, vaa koti lako la kuwindia, fumba macho, weka bunduki begani, kisha fumbua. Uone duara zima lisilo na kivuli cheusi, na jicho liwe sentimita 9 hivi kutoka kwenye kioo, kadiri darubini inavyoruhusu. Mimi nina kovu la mwezi mchanga juu ya nyusi ya kulia. Nilisogea hadi sentimita 5, teke la bunduki likaniletea darubini usoni.

SWALI: Mzee, nikiwa na darubini kwenye bunduki, bado nahitaji ile ya kushika mkononi?

JIBU: Unaihitaji, hata iwe kuukuu. Chochote unachokitazama kupitia darubini ya bunduki, umekielekezea mtutu. Kinachotikisika kichakani huenda ni mwenzako ameinama anafunga kamba za kiatu.