Jinsi na jinsia: je, ni kupinga uumbaji?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nalima viazi huku Uyole, Mbeya. Kwenye semina ya mtaa mwezeshaji alisema jinsi tunazaliwa nayo, ila jinsia tunafundishwa na jamii. Jirani yangu anasema huko ni kupinga uumbaji wa Allah. Nimebaki njia panda.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, tusimhukumu mtu kwa neno kabla ya kujua amekusudia nini. Yote mawili shina lake ni jins ya Kiarabu, yaani aina; na Waarabu wa leo wakisema jinsiyya wanamaanisha uraia! Kwetu mtaani huchanganywa: fomu inauliza "jinsia", nawe unajaza Me au Ke. Wataalamu wa maendeleo ndio wanaoyatenga. Kwao jinsi ni maumbile, na jinsia ni majukumu ambayo jamii imewapangia wanaume na wanawake.

Kama mwezeshaji alikusudia hivyo, hakugusa uumbaji. Qur'ani 49:13 inasema tumeumbwa kutokana na mwanamume na mwanamke. Hiyo ndiyo jinsi. Hedhi, mimba, na hukumu kama eda havibadilishwi na semina. Lakini nani achote maji, nani asonge ugali? Hapo wengi wetu tunaivika ada kanzu ya dini, na jambo hili linaniuma.

Asubuhi moja ya baridi ya Juni nilimtembelea muumini ambaye mkewe alikuwa na siku tisa tangu ajifungue. Nilimkuta mama yule ameinamia mafiga, mtoto mgongoni, moshi unamtoa machozi. Mume yuko barazani, anasubiri chai. "Sheikh, jiko ni la jinsia ya kike, Allah ndivyo alivyopanga." Siku tisa! Nikamsomea hadithi iliyomo katika Bukhari: Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani. Akajibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukiingia hutoka kwenda kusali.

Hofu ya jirani yako naielewa. Wapo wanaotumia neno jinsia kwa maana kwamba mtu hujichagulia kuwa mwanamume au mwanamke, na hilo hatulikubali. Ila msimbebeshe mwezeshaji asilolisema. Mwendeeni nyote wawili, mumuulize waziwazi alikusudia lipi.

Wallahu a'lam.