Je, Yafaa Kumuuzulu Kiongozi wa Nchi Aliyeshindwa na Maradhi au Uzee?

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Sisi ni vijana wa Mombasa. Juzi baada ya Ishai tulikaa barazani tukizungumza habari za Aljeria, jinsi watu walivyofurika barabarani mwaka 2019 mpaka Rais Bouteflika akaachia madaraka. Mzee mmoja tunayemheshimu akasema ule ulikuwa uasi, na kwamba Muislamu hana ruhusa ya kumuondoa kiongozi maadamu anaswali. Mimi nikamjibu kuwa mtu asiyeweza kusema wala kusimama si kiongozi. Sauti zikapanda, mzee akaondoka na hasira. Nani kati yetu yuko kwenye haki? Na je, sheria yetu inaruhusu kumuondoa kiongozi mgonjwa ambaye hajamdhulumu mtu?

JIBU

Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, kauli ya mzee wako ina asili katika hadithi sahihi. Ubada bin Swamit, Allah amridhie, amepokea kwamba Maswahaba walimpa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kutogombania mamlaka na wenye nayo, isipokuwa wakiona ukafiri wa wazi. Wameipokea Bukhari na Muslim. Lakini hadithi hiyo inamzungumzia anayenyang'anya. Wewe umeuliza juu ya mtu ambaye uwezo wenyewe umemtoka, na wanaotaka kumpumzisha ndio waliompa kazi. Mtunza wakfu akipotewa na akili, kadhi humteua mwingine. Hakuna anayesema kadhi ameasi. Msimamizi wa mali ya mayatima ni hivyo hivyo. Uongozi wa nchi ni amana ya aina hiyo hiyo, ila ni kubwa zaidi.

Qur'ani imeweka sifa mbili kwa ulimi wa binti aliyemsemea Musa kwa baba yake: mbora wa kumuajiri ni mwenye nguvu, muaminifu (28:26). Uaminifu peke yake hautoshi. Abu Dharr alikuwa kipenzi cha Mtume, mkweli, mchamungu, na alipoomba apewe uongozi aliambiwa: wewe ni dhaifu, na hii ni amana, na Siku ya Kiyama itakuwa fedheha na majuto, ila kwa aliyeichukua kwa haki yake na akatekeleza wajibu wake. Hadithi iko kwa Muslim. Hakulaumiwa kwa dhambi yoyote. Kwa hiyo nusu ya swali lako imekwisha jibiwa: kiongozi anaweza kuondolewa bila kuwa dhalimu, na kuondolewa huko si tusi kwake.

Sasa nikurudie wewe. Ulisema mtu asiyeweza kusema si kiongozi, ukasema kama jambo lililokatwa. Imamu al-Mawardi, mwanachuoni wa fiqhi aliyefariki mwaka 450 Hijria, amelichambua hili kwa makini kuliko ulivyofanya barazani. Kuzimia kwa muda hakumtoi mtu kwenye uongozi. Wazimu usiopona humtoa, na upofu pia. Ama uziwi na ububu uliompata akiwa tayari madarakani, amesema wanazuoni wamekhitalifiana, na wapo walioona kwamba akiweza kuandika vizuri, abaki. Tazama wanavyopima! Wanauliza kama kazi bado inafanyika, na kama anayeamua bado ni yeye mwenyewe.

Nataka nikusimulie habari ya Oman, maana wengi wenu hapo Mombasa mna nasaba za huko, na katika tarehe ya Kiislamu sijaona funzo kubwa zaidi juu ya swali hili. Karne ya tatu Hijria, Imamu Abdulmalik bin Humayd, yaani mtawala wa Oman wakati ule, alizeeka mpaka nguvu zikamwisha na mambo ya dola yakaanza kulegea. Watu wakamwendea mwanachuoni mkubwa wa wakati ule, Musa bin Ali, wakitaka Imamu auzuliwe. Musa akakataa. Akashauri washikwe wasaidizi, akahamia mwenyewe kambini, akasimamia kazi za dola, na Imamu akabaki nyumbani kwake na cheo chake na kiapo chake mpaka alipokufa mwaka 226. Hakuna panga lililochomolewa.

Miaka arubaini na kitu baadaye, jambo lile lile likatokea. Imamu as-Swalt bin Malik alikuwa ametawala tangu mwaka 237, yule aliyepeleka majahazi kukikomboa kisiwa cha Sokotra, naye akawa mkongwe asiyejiweza. Safari hii aliyesimama ni Musa bin Musa, mtoto wa yule Musa wa kwanza. Huyu alikusanya watu akasogea hadi Farq, karibu na Nizwa. As-Swalt akatoka katika nyumba ya uimamu, na mwaka 272, yaani 886 Miladia, Rashid bin an-Nadhr akapewa kiapo. Na hapo ndipo mlango wa fitina ulipofunguka. Watu wakauliza: as-Swalt alijiuzulu, au alitolewa kwa kutishwa? Udhaifu wake ulithibitishwa na nani? Waliomuondoa waliwashauri nani? Majibu hayakupatikana. Makabila yakapigana, Rashid naye akauzuliwa na Musa yule yule mwaka 277, Musa akauawa mwaka uliofuata, na mwaka 280 jeshi la Bani Abbasi, makhalifa wa Baghdad, likaingia Oman na kumwaga damu nyingi. Imamu Azzan bin Tamim, aliyeshika nafasi ya Rashid, akauawa. Wanazuoni wakagawanyika makundi mawili, la Rustaq na la Nizwa, wa Rustaq wakiwahukumu Musa na Rashid kwa kosa, wa Nizwa wakijizuia kuwahukumu, na mjadala huo ukaendelea kwa karne kadhaa.

Baba na mwana, ugonjwa mmoja, dawa mbili. Mimi sisemi kwamba kila kiongozi mkongwe aachwe kama alivyoachwa Abdulmalik. Ipo hali ambayo msaidizi hatoshi, na hapo kumpumzisha kiongozi huwa wajibu. Ninachosema ni kwamba as-Swalt huenda kweli alikuwa hawezi tena, na bado namna alivyoondolewa iliivunja nchi. Kanuni ya fiqhi inasema yakini haiondolewi na shaka. Kiapo cha kiongozi ni yakini. Minong'ono ya kwamba "hajitambui" ni shaka. Kinachoigeuza shaka kuwa yakini ni ushahidi wa wajuzi, tena wa wazi, mbele ya wale ambao wanazuoni wamewaita watu wa kufunga na kufungua, yaani wenye mamlaka ya kumpa mtu uongozi na kumvua.

Ninyi Kenya utaratibu wa namna hiyo mnao, na ningependa vijana wausome kabla ya kubishana. Ibara ya 144 ya Katiba yenu inataka hoja iungwe mkono na robo ya wabunge ndipo isikizwe. Ikipita, Spika humjulisha Jaji Mkuu, naye huunda jopo la watu watano: madaktari watatu, wakili mmoja, na mtu mmoja anayeteuliwa na Rais mwenyewe. Jopo hutoa ripoti ndani ya siku 14, na likisema hawezi kazi, Bunge la Taifa ndilo hupiga kura. Mimi nikiisoma ibara hiyo namuona al-Mawardi ndani yake. Mgonjwa kupewa nafasi ya kuweka mtu wake katika jopo ni insafu, na laiti as-Swalt angepata kama hiyo.

Aljeria nayo ilikuwa na ibara yake, ya 102, iliyolipa Baraza la Katiba kazi ya kuthibitisha kwamba Rais hawezi. Bouteflika alipigwa na kiharusi mwaka 2013. Mwaka 2014 alipiga kura akiwa katika kiti cha magurudumu, akachaguliwa tena, na katika sherehe ikabebwa picha yake badala yake. Baraza likanyamaza miaka yote hiyo. Februari 2019 ikatangazwa kwamba angegombea muhula wa tano, ndipo Ijumaa tarehe 22 watu wakamiminika mabarabarani, mikono mitupu. Mkuu wa jeshi akaitaja ibara ya 102 mwishoni mwa Machi, na tarehe 2 Aprili Rais akajiuzulu, kisha akawaandikia wananchi kuwaomba msamaha. Huo siwezi kuuita uasi. Waliotembea bila silaha kudai sheria yao itumike hawajagombania mamlaka na mwenye nayo.

Lawama yangu inawaangukia waliomzunguka mgonjwa yule. Wanaojua kwamba mwenye amana hawezi tena, wakaificha hali yake ili waendelee kutawala kwa jina lake, hao wamemkhini yeye na wamewakhini raia. Jamaa wa mgonjwa, daktari wake, waziri wake, kila mmoja ana ushahidi shingoni, na Allah amesema msifiche ushahidi (2:283). Naye kiongozi mwenyewe, akihisi uwezo unamtoka na akili bado anayo, wajibu wa kwanza wa kurudisha amana ni wake, kabla mtu hajamwambia.

Kuhusu baraza lenu: mzee alikosea kuiweka hadithi mahali si pake, na wewe ulikosea kukata hukumu ambayo wanazuoni hawakuikata, ukaongeza kosa la kupandisha sauti mbele ya aliyekuzidi umri. Kesho baada ya Alfajiri mfuate, umsalimie, umwombe radhi. Kisha msomee habari ya Musa bin Ali na mwanawe, naamini ataisikiliza.

Wallahu a'lam.